Usitie aya ya Biblia kwenye hoja ya chama

Usiutume huo ujumbe. Wewe wa Newala umeuliza kama Mkristo anaruhusiwa kubishana siasa za vyama, kama kadi ya chama ni dhambi, na kama ukubali kuwa wakala kituoni. Katikati ya maswali umepenyeza kwamba umeshaandaa ujumbe wa kundi la WhatsApp la jumuiya yenu ya sala, wenye jina la mgombea wako na Warumi 13, ile ya kutii mamlaka, chini yake. Hapo ndipo niliposhtuka. Mengine yasubiri.

Mwaka 2015 huku kwetu Ndanda kila kijiwe kilikuwa Magufuli na Lowassa, wagombea urais wa CCM na Chadema. Akaja mwalimu mmoja wa semina, mtu wa maneno, akatufundisha kwamba Mkristo asiyetangaza chama chake ni vuguvugu na atatapikwa, Ufunuo 3:16. Sura ile inalikemea kanisa la Laodikia kwa kujiona tajiri lisilohitaji kitu. Vyama vya siasa havimo! Nikimkumbuka yule bwana damu inanichemka mpaka leo. Aliwasha moto kwenye nyumba za watu, akapanda basi la Dar, hakurudi kutazama majivu.

Nami nikalibeba neno lake mpaka jumuiyani. Siku hiyo tulisali kwa mama mmoja, balozi wa nyumba kumi, CCM tangu usichana wake, na ndiye aliyekuwa mweka hazina wetu. Zamu ya tafakari ilipofika kwangu nikasoma Methali 29:2, pale penye mwovu atawalapo, nikasema mwaka huu kila mtu anamjua mwovu ni nani. Mama hakujibu. Alifunga daftari la michango, akaliweka juu ya mkeka, akanyanyuka akisema anakwenda kuangalia chakula. Jiko tulikuwa tunaliona pale tulipokaa. Halikuwa na moto.

Elewa ubaya ulipo. Ningesema CCM imeshindwa kwenye maji, angenijibu, tungebishana mpaka jua lizame na kesho yake tungesalimiana. Nilipoweka aya nilimziba mdomo. Akinipinga, anaonekana anampinga Mungu. Akinyamaza, amekubali kuwa yuko upande wa mwovu. Nani atabishana hapo? Jumuiya ikapasuka, michango ya misiba ikakwama, na ukitoa "Tumsifu Yesu Kristo" unatazamwa kwanza una kofia ya nani. Nilimwomba yule mama msamaha baadaye, akanisamehe. Daftari hakulishika tena.

Kisha ikaja korosho. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo. Ukaanza uhakiki wa kuwasaka kangomba, yaani walanguzi wa korosho, mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba lake, na wakulima wengi wakaingia 2019 bila hela mkononi. Pale ndipo Wakristo tulipotakiwa kusimama na majirani zetu Waislamu kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, tuulize kwa sauti moja malipo yako wapi. Hatukuweza. Aliyeuliza aliitwa mpinzani, aliyesema tuvute subira akaitwa msaliti, na kila mmoja ana aya yake mfukoni. Mjane mmoja wa jumuiya yetu alishindwa kununua sare ya mwanawe aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza, na jumuiya ikashindwa hata kumchangia, maana tangu lile daftari lifungwe hakuna aliyeaminiwa na pande zote mbili kukusanya.

Na ubunge tulioununiania? Cecil Mwambe aliingia bungeni 2015 kwa Chadema kupitia jimbo la Ndanda. Februari 2020 akahamia CCM, na uchaguzi wa mwaka huohuo akarudi bungeni kwa CCM. Ni haki yake kuhama. Sasa aliyekuwa amembandikia mtu Maandiko kwa ajili ya chama, siku hiyo Maandiko anayahamishia wapi?

Na msinijie hapa na ile ya "wewe ni CCM uliyejificha". Nimeshaitwa CCM, nimeitwa Chadema, na CUF nilibandikwa kwa kumuuzia baiskeli mwanachama wao.

Sijasema unyamaze. Maaskofu Katoliki katika ujumbe wao wa Kwaresima 2018 walikemea kubanwa kwa shughuli za vyama na vyombo vya habari, wala hawakumwambia mtu ampigie nani kura. Kadi chukua, wewe ni mlei, muumini usiye padre. Kanuni ya 287 ya Sheria ya Kanisa inawabana mapadre wasijiingize kwenye shughuli za vyama, haikubani wewe.

Ujumbe wako toa Warumi 13, bakiza hoja, upeleke kundi la kijiji. Kundi la jumuiya ni la ratiba ya sala na taarifa za wagonjwa na misiba. Na ukibishana, taja chama, taja kosa lake, taja mwaka, halafu mwache mwenzako ajibu. Salfa, dawa ya mikorosho, ikichelewa mpaka miti inaanza kuungua na ugonjwa wa ubwiri, nenda na balozi wa CCM na katibu wa Chadema pamoja, mketi benchi moja ofisi ya ushirika, muulize imekwama wapi, na msiondoke bila jibu.