Re: Nipande nini uani, watoto watatu na muda wa kumwagilia sina?

Dada, kwa joto la Dar ningeanza na mchaichai. Omba jirani akumegee miche mitatu yenye mizizi, kata majani yabaki kama shibiri moja, kisha uchimbie mvua za masika zikianza Machi. Ukishashika hauna shida tena, na chai unapata. Pembeni weka aloevera na mpapai mmoja, chini ukoka, watoto wacheze. Tandaza majani makavu kuzunguka mashina, udongo usikauke upesi.

Uzio wa minyaa usithubutu, hata kama haudai maji. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mwanangu alilia usiku kucha. Na hayo mawaridi uliyoyataja? Yanadeka mno, achana nayo.