Ushuru ulifutwa, mbona mkulima wa mahindi yuko palepale?

Swali: Nanunua mahindi vijijini Iganga, Uganda, na kuyavusha mpaka wa Busia kwenda kuyauza Kenya. Tunaambiwa ushuru ndani ya Afrika Mashariki ulishafutwa. Mbona mimi na wakulima wangu hatusogei? Hii biashara huru inamtoa mtu wa chini kwenye umaskini, au ni ya wenye viwanda?
Mama mfanyabiashara, Busia

Jibu: Mama, asante. Uliyoambiwa ni kweli. Umoja wa Forodha, yaani mkataba wa nchi za Afrika Mashariki wa kufuta ushuru kati yao, ulianza 2005, na tangu hapo mazao ya Uganda huingia Kenya bila ushuru. Baadhi ya bidhaa za Kenya ndizo zilizoendelea kutozwa zikiingia kwetu, kiwango kikishuka kila mwaka hadi kikaisha 2010.

Lakini kati ya bei ya Busia na bei anayolipwa mkulima kuna gharama nyingi, na ushuru ulikuwa mojawapo tu. Fuata gunia moja. Mkulima anadaiwa ada ya shule, hivyo anavuna mapema, anaanika mahindi juu ya udongo mtupu, mvua inanyesha jioni, na kesho yake anakuuzia yakiwa bado na maji. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, isizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni 1. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu hiyo. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, ila kwa masharti ya usajili na vyeti. Ushuru ulikuwa sifuri siku zote hizo! Mwenye ghala na mashine ya kukaushia hutimiza masharti. Mwenye magunia matano hukimbilia njia za panya, akilipa huku na huku, na kila anachotoa njiani hukifidia kwa kumpunja mkulima. Sisemi kwamba wewe ni mbaya. Ndivyo mnyororo unavyovuta, na uzito wote humwangukia wa mwisho.

Wanaodhani mkataba hauna maana yoyote waulize watu wa Kabale, Uganda, karibu na mpaka wa Rwanda. Rwanda ilipofunga mpaka wa Katuna Februari 2019, na kuufungua tena mwishoni mwa Januari 2022, waliouza vyakula ng'ambo walipoteza soko huku mkataba ukiwa bado halali. Kwa mtu wa chini, mpaka unaopitika kila siku una thamani kuliko sahihi za marais.

Kuna jambo jingine ambalo hotuba huliruka. Kenya ikinunua sana, bei ya mahindi hupanda. Anayefaidi ni aliyebakiza magunia ya kuuza. Anayenunua posho, yaani unga wa mahindi, Kampala anaumia, na pia mkulima yule yule aliyeuza yote wakati wa mavuno, kisha akarudi dukani kununua chakula miezi michache baadaye. Kwa hiyo mkataba mmoja unaweza kumwinua jirani huyu na kumdidimiza yule, katika kijiji kimoja.

Na viwanda? Tangu Julai 2022 bidhaa kama nguo na fanicha kutoka nje ya jumuiya zinatozwa asilimia 35. Fundi wa hapa anapata nafasi, mnunuzi maskini analipa zaidi. Mimi naona inafaa pale tu ambapo kiwanda kinaajiri watu wetu kweli.

Kwako wewe: kama mzigo hauzidi dola 2,000 za Marekani na zao limo kwenye orodha ya pamoja ya bidhaa zilizokubaliwa, omba cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi inayoonyesha kwamba mzigo umetoka ndani ya jumuiya, kinatolewa palepale mpakani. Hakikuondolei ukaguzi wa ubora. Kwa hiyo changeni, wewe na wenzako, mnunue kipima unyevu na maturubai ya kuwaachia wakulima, na mkubaliane nao mapema kwamba gunia kavu litalipwa zaidi. Wakiona tofauti hiyo mkononi mara ya kwanza, msimu unaofuata watasubiri jua.