Mpigie simu mama mkwe wako kabla homa haijapanda

Kama una mtoto aliye kati ya miezi sita na miaka mitano, fanya jambo moja leo jioni. Mpigie simu mama mkwe wako, msalimie vizuri, halafu muulize kama mumeo aliwahi kushikwa na degedege alipokuwa mdogo. Ukimaliza, muulize na mama yako kuhusu wewe na ndugu zako. Usiulize kwa kuzunguka, maana ukizunguka na wao watakuzungusha.

Mimi niliambiwa wakati mtoto ameshakakamaa. Tunaishi Bagamoyo, upande wa Magomeni, nyumba moja na wakwe. Mwanangu wa pili alikuwa ametimiza mwaka na kitu hivi. Siku hiyo alikuwa na kamasi tu. Mchana alicheza, akanywa uji wake wote. Baada ya magharibi nikamshika nikaona ana joto, wala si lile la kuunguza, joto la mafua kama tulivyolizoea. Nikiwa natafuta dawa ya homa kabatini, shingo ikavutika nyuma, macho yakapinduka ukabaki weupe mtupu, meno yakaumana, mikono na miguu ikaanza kurusharusha. Midomo ikageuka rangi ya zambarau.

Nyumba za uswahilini mnazijua. Kufumba na kufumbua uani kumejaa. Huyu analeta kijiko cha kumtenganisha meno, yule kitunguu kilichopondwa, mwingine kaniki ya kumfunika gubigubi. Jirani mmoja akaninong'oneza, "Huko hospitali wasimchome sindano, mama, utampoteza." Aliyewatuliza wote ni mama mkwe. Alimlaza mtoto ubavu juu ya mkeka, akamfungua vifungo vya shingoni, akawa anamfuta povu kwa pembe ya kanga yake. Akasema, "Mwacheni apumue. Na baba yake ndivyo alivyokuwa."

Baba yake ndivyo alivyokuwa! Nimeolewa, nimezaa mara mbili, nimeishi na mama huyu jiko moja, na sijawahi kulisikia neno hilo. Baadaye, mambo yalipotulia, akanieleza: mume wangu alikuwa akishikwa kila homa ikimpata mpaka alipokaribia kuanza shule, na wifi yangu mkubwa naye pia. "Ningekwambia wakati wa posa," akasema, "kwenu wangesema ukoo wetu una shetani." Namwelewa kabisa. Kwa watu wengi wa pwani degedege halikuwa ugonjwa, lilikuwa kitu kinachotumwa au kinachopita, na mwenye nacho hukificha. Lakini siri hiyo ndiyo inayotuumiza, kwa sababu katika mambo yote yanayomweka mtoto karibu na degedege la homa, damu ya ukoo ni moja ya makubwa. Mtoto ambaye mzazi wake, au ndugu yake wa tumbo moja, alishikwa ana uwezekano mkubwa wa kushikwa kuliko mtoto wa jirani mwenye homa ile ile.

Umri ndio jambo la kwanza. Ubongo mchanga hauvumilii homa kama wa mtu mzima, na wengi hushikwa mara ya kwanza kati ya miezi 12 na 18. Si tatizo la nadra wala la Waafrika peke yao: Ulaya na Marekani hutokea kwa watoto 2 hadi 5 katika kila 100, na Japani idadi iko juu zaidi. Wengine walio karibu na hatari ni waliochelewa kukua kimwili na kiakili, na waliozaliwa wakabaki wodini kwa karibu mwezi au zaidi. Wanaoshinda na watoto wengi, chekechea kwa mfano, hupata homa za kuambukizana mara kwa mara, na kila homa ni nafasi nyingine. Virusi vya mafua ni wakosaji wakubwa kuliko watu wanavyodhani.

Linalowachanganya wazazi ni suala la joto lenyewe. Tunadhani aliyeshikwa akiwa na joto kali sana ndiye wa kuogopewa baadaye. Ni kinyume chake. Mtoto aliyekakamaa joto likiwa ndiyo kwanza limepanda kidogo, tena ndani ya saa moja tu tangu homa ianze, huyo ndiye mwenye uwezekano zaidi wa kurudiwa, kwa sababu ameonyesha kwamba ubongo wake hauhitaji homa kubwa. Wangu ndivyo alivyokuwa, na alirudiwa. Kwa ujumla, kati ya watoto watatu waliowahi kushikwa, mmoja hivi atashikwa tena. Akishikwa mara ya kwanza kabla hajatimiza mwaka, inakaribia nusu kwa nusu. Ukiongeza na historia ya ukoo, ndiyo usishangae ikirudi. Kujua hivyo hakuondoi hofu, lakini mara ya pili hutapiga mayowe, na mayowe hayamsaidii mtoto.

Sasa niseme la malaria, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mzungu akisoma kwamba degedege la homa kwa kawaida halidhuru, anasoma akiwa sehemu isiyo na mbu wa malaria. Sisi tuko Pwani. Degedege linaweza kuwa ni homa ya mafua tu, na linaweza kuwa malaria kali iliyofika kichwani, na kwa macho ya mama yanafanana. Mwongozo wa kutibu watoto unaofuatwa zahanati zetu unaweka degedege kwenye dalili za hatari, pamoja na mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, na kulegea au kupoteza fahamu. Mwenye dalili hata moja kati ya hizo anapelekwa siku hiyo hiyo, usiku huo huo. Tulichukua bajaji, shemeji akawa anasoma dua njia nzima. Hospitali walimtoboa kidole kwa kipimo cha malaria, wakapima sukari, wakamkunja shingo kuona kama imekaza, wakapapasa utosi kama umevimba. Shingo kukaza au utosi kuvimba kunatia shaka ya homa ya uti wa mgongo, na hapo daktari anaweza kutaka kutoa maji ya mgongoni ayapime. Akikuambia hivyo usigome. Wangu malaria haikuonekana, lilikuwa koo. Ila wiki chache baadaye mtoto wa nyumba ya nyuma alishikwa vile vile, na yeye ilikuwa malaria, akalazwa.

Tofauti moja inayosaidia: degedege la homa la kawaida hutikisa mwili mzima, huisha lenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache, na mtoto akishalala kidogo anaamka akimtambua mama yake. Asipozinduka kwa nusu saa, akishikwa upande mmoja tu wa mwili, likipita dakika 15, au likirudi ndani ya saa 24, hilo si la kawaida na daktari anatakiwa aambiwe hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu mmoja aangalie saa ya simu. Shemeji alifanya hivyo na lilikuwa swali la kwanza la daktari. Likifika dakika tano halijaacha, usisubiri zaidi, mtoe nyumbani. Vituo vya afya wana dawa ya kulikata.

Kuhusu sindano. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa hapa wilayani Bagamoyo kuhusu namna watu wanavyotibu degedege, na humo yametajwa mambo ambayo bibi zetu wanayajua: kumkojolea mtoto, kumfukiza moshi wa kinyesi cha tembo. Mtoto akianzia huko, anafika hospitali saa zimekwenda, anachomwa sindano akiwa hoi, anafariki. Kijijini inabaki hadithi kwamba sindano imemuua. Mimi simcheki mtu. Dua isomwe, hakuna aliyekataza. Ila kombe, yale maji ya dua ya kunywa, lisubiri mpaka mtoto ameamka kabisa, maana kinywaji chochote kikimwagwa mdomoni mwa mtoto aliyekakamaa kinakwenda kwenye mapafu. Kijiko vivyo hivyo: hakuna mtoto anayemeza ulimi wake, lakini wapo waliovunjwa meno. Mafuta ya taa msiyasogeze hata karibu. Usimbane mikono kumzuia asitikisike, usimzamishe kwenye ndoo ya maji baridi. Ubavu, nguo zilegezwe, vitu vigumu viondolewe karibu yake, basi.

Dawa ya homa nayo ina ukweli wake ambao si mtamu. Parasetamo inampunguzia mtoto maumivu na kumfanya anywe maji na kula, na kwa ajili hiyo mpe, kwa uzito wake kama ulivyoelekezwa, si kwa kukisia kifuniko. Lakini tafiti zimeonyesha kwamba kumpa kila baada ya saa kadhaa hakuzuii degedege kurudi. Nalisema hili kwa sababu nawajua wanawake wanaojilaumu mpaka leo kwamba walichelewa kutoa dawa. Hamkulisababisha nyinyi. Aspirini mtoto asipewe. Na ukiandikiwa fenobabitoni, dawa ya kifafa, ya kila siku kwa degedege la kawaida la homa, uliza kwa upole sababu yake. Haishauriwi tena kwa watoto hao, kwa kuwa madhara yake, pamoja na usumbufu wa tabia na kujifunza, yanazidi faida. Chandarua kina faida kubwa kuliko chupa hiyo.

Chanjo, nimeulizwa sana. Ni kweli chanjo ya surua na rubela, ile ya miezi tisa na ya mwaka na nusu, inaweza kuleta homa katika wiki ya pili, na homa hiyo kwa mwenye asili ya degedege inaweza kumletea degedege. Mweleze muuguzi historia, mpeleke mtoto achanjwe. Surua yenyewe ina homa kali kuliko hiyo, na inaua.

Je, atapata kifafa? Mama mkwe aliniambia nimtazame mume wangu, mtu mzima, anaendesha gari kwenda Dar kila wiki. Hesabu za madaktari hazipingani naye: kwa mtoto wa kawaida uwezekano ni kama 1 kati ya 100, kwa aliyepata degedege la kawaida la homa ni 1 hadi 2 kati ya 100. Unapanda zaidi kwa yule wa upande mmoja, wa muda mrefu au wa kurudiarudia siku moja, hasa kama kuna kifafa katika familia au ukuaji wake una shida.

Mambo haya mwambie na dada wa kazi na mwalimu wa chekechea, kwa vitendo, mlaze hata mdoli ubavu waone. Kwenye kadi ya kliniki mwombe muuguzi aandike tarehe, muda lilivyodumu, na nani katika ukoo aliwahi kushikwa. Mume akikuambia mambo ya ukoo wake yasiandikwe, mpe mama yake amalizane naye. Na mtoto aliyepita miaka mitano bado anashikwa, au aliyeshikwa bila homa yoyote, huyo huenda ana jambo jingine. Mpelekeni kwa daktari wa watoto akachunguzwe upya.