Usilipe hayo matairi kabla hujasoma namba nne za ubavuni

Mkuu, usilipe. Na kama umeshalipa, rudi dukani leo leo kabla hujapoteza risiti.

Kwa waliochelewa kuingia: jamaa ana pikipiki, Boxer BM 150, Desemba anataka kutoka Dar hadi Mbeya na wenzake. Kuna duka linampa matairi mawili "mapya, hayajawahi kugusa lami" kwa bei ya kutupa kwa sababu yamekaa sana stoo. Anauliza kama yana shida, ajaze upepo kiasi gani, oili abadili lini, koti la mvua la bei rahisi litamfikisha au la, na Iringa alale wapi. Hapo juu watu wanamwambia "chukua mkuu, bahati hiyo". Bahati! Nimesoma hilo neno nikajikuta nimeshika bega.

Mimi hiyo bahati niliipata 2021. Tairi la nyuma, 3.00-17, jeusi tii, limepakwa dawa linang'aa, vile vinywele vya mpira bado vimesimama. Nikauliza mbona bei imeshuka hivyo. Muuzaji akacheka: "Kaka, tairi lisilotembea halizeeki. Siyo nyanya hiyo." Akanionyesha 50P ubavuni, akaniambia 50 ni mzigo wa kilo 190 na P ni spidi 150, hata ukipakia ng'ombe linabeba. Na hapo hakudanganya, ndivyo alama hizo zinavyosomwa. Alichoruka ni namba nne za upande wa pili, ule alioulaza sakafuni muda wote tunaongea. Zilikuwa 3112. Wiki ya 31, mwaka 2012. Tairi "jipya" la umri wa mtoto wa darasa la tatu, na mimi natoka dukani natabasamu kwa sababu nimeokoa elfu kumi na mbili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilionywa. Msamvu pale Morogoro tulisimama kujaza upepo, fundi pancha, mzee wa watu, akapitisha kidole ubavuni akasema, "Mjomba, hili tairi ni zee." Nikamwambia, mzee wangu, nimelifunga juzi tu, angalia kashata, haya meno ya tairi, zote zipo. Hakubishana. Akachukua hela yake ya upepo akarudi kukaa. Halafu bingwa mmoja wa msafara wetu, yule wa glavu za ngozi na maneno mengi, akasema mbele kuna joto, punguzeni upepo tairi zisipasuke. Nikapunguza! Kumbe tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakolichemsha. Kwa hiyo nikawa na mpira mkavu, upepo pungufu, begi zito nyuma na jua la mchana. Kilichobaki ni kuita gari la wagonjwa mapema tu.

Mikumi tulipita salama. Tukatelemka kwenye ile mibuyu, joto linapanda, na karibu na Ruaha Mbuyuni nyuma ikaanza kucheza. Kidogo tu, kushoto kulia. Nikadhani ni upepo wa semi iliyonipita. Mwenzangu wa nyuma anapiga honi, mimi nampungia mkono, nadhani anafurahia safari. Maskini alikuwa anaona ubavu wa tairi umetoa nundu na tyubu inachungulia. Likapasuka.

Hapa ndipo wengi hawaelewi, hasa wanaolinganisha na gari. Rimu zetu za spoku zinatumia tyubu. Tyubu ikitoboka vibaya upepo haushuki polepole, unaondoka wote kwa mara moja, na tairi linakosa cha kulishikilia kwenye rimu. Mkia ukaenda upande wake, mimi upande wangu. Mbele yetu kidogo kuna mlima Kitonga na kona zake na malori yanayoshuka kwa gia nzito. Lingechelewa kupasuka hadi kule nadhani leo nisingekuwa hapa kubishana na nyie.

Hesabu ya elfu kumi na mbili iliishia hivi: rimu ya nyuma imepinda, spoku hazihesabiki, indiketa, saiti mira, taa ya nyuma, mtulinga wa kushoto umevunjika, na nauli ya Fuso la vitunguu hadi Iringa, ambapo pikipiki ilitozwa zaidi yangu. Nilinuka vitunguu hadi wodini. Mtulinga umeunga, ila nikivaa suti bega moja linaonekana limesusa. Mke wangu anasema ndivyo nilivyokuwa tangu tunaoana. Sina la kujibu.

Niliporudi kwa yule muuzaji akaniambia, "Utakuwa ulizidisha spidi." Spidi! Nilikuwa kwenye sabini, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia P ni 150.

Sasa nisikilize. Mpira unazeeka hata ukiwa umening'inia ukutani. Hewa inaula, jua linaula, joto linaula, na stoo ya bati ya Dar ni oveni. Ndani ya mpira kuna dawa za kuzuia usikauke wala kupasuka, na dawa hizo hupanda juu tairi likitembea na kujikunja. Likikaa tu zinabaki ndani na juu panakauka. Kashata hazikuambii kitu kuhusu hilo; kashata zinakuambia limetembea kiasi gani, basi. Wapo watengenezaji wanaoandika kabisa kwamba baada ya miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na ikifika 10 tangu litengenezwe litoke hata kama halijaisha.

Kwa hiyo dukani shika tairi mwenyewe na uzungushe pande ZOTE MBILI, maana mara nyingi tarehe imechapwa upande mmoja tu. Tafuta herufi DOT, fuata ule mstari hadi mwisho, soma namba nne za mwisho. 2324 ni wiki ya 23, mwaka 2024. Mengine hayana DOT ila namba nne ziko peke yake kwenye kiduara cha umbo la yai. Ukikuta tarakimu tatu tu hilo ni la kabla ya 2000, lipeleke makumbusho. Ukikuta pamekwanguliwa, toka dukani bila kuaga. Halafu kunja kashata kwa vidole gumba uone katikati yake, na chungulia pale ubavu unapokutana na rimu: nyufa nyembamba zinazozunguka zinaanzia hapo, na ile dawa ya kung'arisha inazificha vizuri sana. Mimi sivuki miaka miwili tangu litengenezwe. Waniite mwoga.

Na tyubu ununue mpya pamoja na tairi. Usinitolee ile ya viraka vitano eti bado inashika.

Haya, ulikuwa umeuliza mengine. Upepo fuata kitabu cha pikipiki, pima asubuhi tairi likiwa limepoa, na ukibeba mtu au mzigo soma ule mstari wa mzigo. Mikumi pita mchana, barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50 na nyati hana taa ya nyuma. Oili na koti la mvua wapo wajuzi humu watakujibu. Kuhusu pa kulala Iringa mimi ninachokijua ni kitanda cha hospitali, na siwezi kukupendekezea.

Anayesema namtisha mtoto wa watu aende akasome tairi lake mwenyewe sasa hivi, arudi na jibu. Na wewe mkuu tupia picha humu kabla hujatoa hela. Picha ya ubavuni, zile namba zisomeke. Kashata baki nazo.