Kona ya Mkufunzi: Bando la mwanafunzi, alama za Excel na ripoti za akili mnemba

Barua za safari hii zimetoka Moshi na Arusha, na nyingi zinagusa jambo moja: mkufunzi amejitahidi, chombo anacho, lakini kazi yake haimfikii mwanafunzi au inamfikia ikiwa imeharibika. Nimefundisha vyuo vya kati hapa Kilimanjaro hadi nilipostaafu, na msimamo wangu haujabadilika. Teknolojia ya kufundishia ipimwe kwa ile simu ya bei ndogo kuliko zote darasani. Ikishindwa hapo, imeshindwa.

*

Shikamoo Mama. Nafundisha uuguzi hapa Moshi. Nimeanza kurekodi vipindi vyangu kwa simu na kuvituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Wanaovifungua ni wachache. Wengine wanasema bando halitoshi, wengine simu zimejaa. Kuna programu ya kupunguza video bila kuiharibu?
Mkufunzi wa uuguzi, Soweto, Moshi

Marahaba mwanangu. Programu ipo na nitaitaja, ila tuanze na hesabu. Simu nyingi za kawaida zikirekodi video ya ubora wa 1080p hula kama MB 130 kwa dakika moja. Kipindi cha dakika 40 kinakaribia GB 5. Sasa chukua kipindi hichohicho, rekodi sauti peke yake kwa kilobiti 32 kwa sekunde, chaneli moja: kinakuwa chini ya MB 10. Sauti ya mwalimu anayeongea inasikika vizuri kabisa kwa kiwango hicho. Mwanafunzi anayenunua bando la siku anaweza kupakua sauti ya MB 10. GB 5 hataigusa, na wala si mvivu.

Kwa hiyo jiulize, katika hizo dakika 40, ni wapi mwanafunzi anahitaji kuona? Unapoeleza dalili za upungufu wa damu hahitaji kuona uso wako. Anahitaji sauti yako na slaidi zikiwa PDF, zenye namba kubwa kila ukurasa, ili useme "sasa tuko slaidi ya 6" naye afuate. Lakini unapofunga kidonda, au unapovalisha kamba ya mashine ya presha na kutafuta mapigo kwenye kiwiko, hapo mikono yako ni somo. Rekodi mikono hiyo tu, dakika 2 au 3. Kisha ipitishe kwenye HandBrake, programu ya bure ya kompyuta, uchague mpangilio ulioandikwa "Fast 480p30". Kwa kioo cha simu ndogo, 480p inatosha kuona pingili za vidole. Tumia mwenzako au sanamu la mafunzo, usirekodi mgonjwa wa wodini.

Sauti nayo ina adabu zake. Wakati wa masika, mvua ikishapiga bati, hata simu ya bei kubwa haikusaidii. Rekodi chumbani, madirisha yamefungwa, nguo zikiwa zimening'inia, maana nguo hunyonya mwangwi. Vaa zile spika za masikioni za waya zenye maiki ndogo, uishike maiki karibu na kidevu pasipo kugusana na kola ya shati. Kata somo vipande vya dakika 7 au 8, na kila faili ulipe jina linaloeleweka: namba ya wiki, mada, kipande cha ngapi. Faili lenye jina la tarakimu tupu halitafutiki usiku wa kuamkia mtihani.

Na usimlazimishe kila mmoja kupakua. Mpe CR, yaani mwakilishi wa darasa, faili zote kwenye flashi au kwa Wi-Fi ya chuo, yeye awarushie wenzake kwa Quick Share au Xender. Hizo hazitumii bando hata senti. Nimeona madarasa mazima yakisambaziana masomo ya wiki kwa njia hiyo wakiwa kwenye foleni ya chakula.

*

Mwalimu, habari za siku. Nina karatasi ya Excel ya matokeo. Kazi za darasani 40, mtihani wa mwisho 60, ufaulu wetu ni 50. Mwanafunzi mmoja anaonekana ana 50 lakini kompyuta imempa D. Mwingine hakufanya mtihani kabisa, kompyuta imempa alama ya kufaulu! Kikao cha matokeo kiko karibu.
Mkufunzi wa uhasibu, Njiro, Arusha

Ndugu yangu, nimefurahi umeyaona hayo kabla ya kikao. Yapo matokeo yaliyobandikwa ubaoni yakiwa na makosa haya haya, na kijana akarudi kijijini akiamini amefeli.

Tuanze na huyo wa 50. Bonyeza seli yake uangalie namba kamili. Nadhani utakuta kitu kama 49.6: labda 24.3 ya darasani na 25.3 ya mtihani. Wewe umeiambia Excel ifiche desimali, nayo imekuonyesha 50, lakini kwenye hesabu zake bado inashika 49.6. Fomula inapouliza "imefika 50?" inajibu hapana. Kuficha desimali na kukadiria ni vitu viwili tofauti. Kama kanuni za mitihani za chuo chenu zinaruhusu kukadiria, basi ikadirie ndani ya fomula kwa ROUND. Kama haziruhusu, onyesha desimali waziwazi ili kila mtu aone 49.6 na hoja ijadiliwe na watu kikaoni.

Huyo wa pili ni hatari zaidi. Nadhani umeandika ABS, yaani hakuwepo, kwenye safu ya mtihani, na hata kwenye jumla ukaliweka neno hilo badala ya namba. Excel ikilinganisha neno na namba, siku zote huhesabu neno kuwa kubwa. Kwa hiyo neno lolote "limezidi 50", na aliyekosa mtihani anafaulu. Ukiacha seli ya mtihani wazi nako kuna balaa lake, maana Excel huichukua nafasi tupu kama sifuri na kumhesabu amefeli mtihani ambao huenda alikosa akiwa amelazwa.

Tuseme alama za darasani ziko safu ya D, za mtihani safu ya E. Kwenye F2 andika:

=IF(COUNT(D2:E2)<2,"HAIJAKAMILIKA",ROUND(D2+E2,0))

Kama kanuni zenu haziruhusu kukadiria, badala ya ROUND(D2+E2,0) andika D2+E2 tu. COUNT huhesabu namba tu. Ikikosa namba mbili, mwanafunzi anaandikiwa kwamba matokeo hayajakamilika, iwe uliandika ABS au uliacha wazi. Kisha kwenye G2, kabla ya kugawa madaraja, uliza kwanza kama F2 ni namba:

=IF(ISNUMBER(F2),IF(F2>=50,"AMEFAULU","AMEFELI"),"-")

Madaraja yenu ya A, B na C utayaongeza ndani kwa mtindo huo huo. Kompyuta yako ikikataa mkato, weka nukta mkato. Hiyo inategemea mpangilio wa lugha na nchi.

Kuna jambo hukuniuliza, lakini siwezi kulala bila kulisema. Usipange majina kwa alfabeti ukiwa umechagua safu ya majina peke yake. Excel itakuuliza kama itanue uchaguzi, "Expand the selection". Ukichagua lile jibu jingine, majina yanahama na alama zinabaki, na kila mwanafunzi anabeba matokeo ya mwenzake. Hakuna mstari mwekundu utakaokuonya. Kinga yake ni kubonyeza Ctrl na T mwanzoni kabisa ili data yote iwe jedwali moja. Jedwali hupanga mistari mizima. Na ukimaliza kupanga, chomoa karatasi za majibu chache kutoka kwenye rundo, ya juu, ya katikati na ya chini, ulinganishe na kilichomo kwenye kompyuta. Nafanya hivyo mpaka leo wenzangu wanaponiomba niwaangalizie.

*

Mama, flashi yangu nimeichomeka steshenari kutoa fotokopi ya notsi, sasa folda zote zimegeuka kuwa vinjia vya mkato visivyofunguka. Nimepoteza kila kitu?
Mkufunzi, Mbauda, Arusha

Hujapoteza, mwanangu. Usiiformati, na usibofye hivyo vinjia. Kirusi kimezificha folda zako na kuweka vinjia mahali pake. Pitisha kwanza kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, iliyosasishwa. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* huku E ikiwa herufi ya flashi yako. Folda zitarudi kuonekana. Zihamishie kwenye kompyuta ndipo uisafishe flashi.

Kuanzia sasa kuwa na flashi ya pili, ya bei rahisi, inayobeba lile faili moja la kuchapwa tu, likiwa PDF. Na mtihani usiende steshenari kamwe, hata kama mwenye duka ni jirani yenu wa miaka mingi. Faili hubaki kwenye kompyuta ya duka, na mashine nyingi za kisasa za fotokopi zina diski ndani.

*

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha maendeleo ya jamii, Tengeru. Ripoti za field za mwaka huu zimekuja na Kiingereza cha kung'aa ambacho sijawahi kukisikia darasani. Nimeipitisha moja kwenye tovuti ya kugundua akili mnemba, ikasema asilimia 87 imeandikwa na mashine. Nimpe sifuri?
Mkufunzi, Tengeru

Marahaba. Usimpe sifuri kwa sababu ya namba hiyo. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilikuwa na kigunduzi chake yenyewe, ikakifunga Julai 2023 kwa sababu hakikuwa na usahihi wa kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vigunduzi saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo za watu halisi zilihesabiwa kuwa kazi ya mashine. Sababu inaeleweka: anayejifunza lugha hutumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka, na hicho ndicho vigunduzi hivyo hukitilia shaka. Sasa mfikirie binti yako wa darasani aliyekulia kwenye Kimeru, akasoma msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza kikaja tatu. Yeye ndiye wa kwanza kuhukumiwa kwa kosa ambalo huenda hakulifanya.

Mwite. Kaa naye dakika 5, ripoti mkononi, umuulize kwa Kiswahili: mlikutana wapi na hicho kikundi cha akina mama? Nani alifungua kikao? Hii asilimia 40 ya wanachama uliipataje, ulihesabu au uliambiwa? Aliyekwenda field atakujibu mpaka na mambo ambayo hakuyaandika. Ambaye hakwenda atakwama swali la pili. Halafu chukua vitabu vitatu alivyovitaja mwishoni uvitafute. Akili mnemba hubuni vitabu na waandishi ambao hawapo, na kitabu kisichopatikana popote ni ushahidi mzito kuliko asilimia yoyote.

Wengine watakushauri ukague historia ya faili kwenye Google Docs uone ripoti ilivyokua siku hadi siku. Ni ushauri mzuri kwa mwenye laptopu. Lakini wanafunzi wetu wengi huandika kwa kalamu na kumlipa mtu wa steshenari awachapie. Faili lao litaonyesha limezaliwa jioni moja, na hawana hatia yoyote.

Kwa muhula ujao badilisha kazi yenyewe. Waambie waambatanishe picha za kurasa za daftari la field, mwandiko wao, tarehe zao. Daftari lipewe alama 10 katika zile 40 za kazi za darasani. Na waruhusu waziwazi kuitumia akili mnemba kunyoosha Kiingereza, mradi waseme wameitumia wapi. Kinachonichoma mimi ni ripoti ya kijiji ambacho mtu hakukanyaga. Sarufi iliyosaidiwa hainisumbui.

*

Mama, mkuu wa idara anataka matokeo yote tuyarushe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, majina na alama. Ni sawa?
Mkufunzi kijana, Moshi mjini

Si sawa, na umwambie kwa heshima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka mwenye kukusanya taarifa za mtu azitumie kwa lengo lililokusudiwa na azilinde zisiwafikie wasiohusika. Alama za mwanafunzi ni zake. Hata ukifuta ujumbe baadaye, waliokwisha kupakua wanalo. Na usidhani kuondoa majina kunatosha kama orodha bado imefuata alfabeti. Darasa zima litamtambua kila mtu. Tumieni mfumo wa matokeo wa chuo. Kama haupo, Word kupitia sehemu ya "Mailings" itachukua karatasi yako ya Excel na kutoa kijikaratasi kimoja kwa kila mwanafunzi.

*

Nikiunganisha laptopu na projekta, ukutani inatokea picha tupu ya skrini bila slaidi zangu. Wanafunzi wanasubiri, mimi natokwa jasho.
Mkufunzi, Kijenge, Arusha

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, chagua "Duplicate". Laptopu yako imeichukulia projekta kama skrini ya pili ya kuongezea nafasi, ndiyo maana slaidi zimebaki kwako. Kama projekta ni ya zamani yenye VGA na laptopu yako ni ya HDMI, nunua kigeuzi chako mwenyewe ukiweke kwenye begi, usitegemee cha ofisini. VGA haibebi sauti, kwa hiyo siku yenye video beba na spika ndogo. Umeme ukikatika na kurudi, usiiwashe projekta ya taa papo hapo. Iache ipoe dakika chache, taa zake ni ghali. Wakati huo wafungulie wanafunzi ile PDF uliyowatumia jana yake, wafuate kwenye simu zao huku wewe ukiendelea na chaki.