Maswali na majibu: Uzamili wa kompyuta kwa waliopo Kigoma na Tabora

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka ukanda wa reli ya kati, na zote zinauliza kuhusu shahada ya uzamili ya kompyuta. Tumechagua tano.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta sekondari. Nina shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari, GPA 3.2. Naona kuna uzamili wa sayansi ya kompyuta, wa mifumo ya habari na wa teknolojia ya habari. Zinatofautiana kweli, au ni majina tu? (Mwalimu, Kasulu)

Zinatofautiana, Mwalimu, ila usiliamini jina peke yake. Omba orodha ya masomo ya muhula wa kwanza na wa pili, uisome. Ukikuta algoriti, nadharia ya ukokotozi na kujifunza kwa mashine, hiyo ni sayansi ya kompyuta, hata kama kwenye tangazo imeitwa vingine. Mifumo ya habari hushughulika zaidi na taasisi: mahitaji ya watumiaji, hifadhidata, usimamizi wa miradi, na kwa nini mfumo uliogharimu fedha nyingi haukutumika. Teknolojia ya habari huegemea mitandao, seva na usalama.

Wahitimu wa teknolojia ya habari wakiingia sayansi ya kompyuta hukwamishwa na hesabu kuliko uandishi wa programu. Jipime kabla ya kulipa ada ya maombi. Je, unaweza kuthibitisha kanuni kwa induksheni? Kuzidisha matriki mbili za 3 kwa 3 bila kikokotoo? Kutumia kanuni ya Bayes kwenye kipimo cha ugonjwa? Kueleza kwa nini orodha ya majina 1,000,000 iliyopangwa kwa alfabeti hutafutwa kwa hatua zisizozidi 20 ukiikata nusu kwa nusu? Ukishindwa mawili kati ya hayo, jipe miezi mitatu au minne ya kurudia hesabu. Mtu akianza bila maandalizi hayo, sapu humwandama tangu muhula wa kwanza, na muda aliopanga kwa utafiti huliwa na mitihani ya marudio.

Kuhusu vyuo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha fani hizi katika ndaki yake ya Kijitonyama, na Dodoma wana ndaki nzima ya TEHAMA. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha imejikita katika uzamili na uzamivu, na huchanganya kompyuta na uhandisi wa mawasiliano. Kwa anayetoka Kasulu, Dodoma ina unafuu wake, maana iko njiani kwenye reli ile ile. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, na kila chuo kina tarehe zake.

GPA yangu ni 2.5. Niachane na ndoto hii? (Msomaji, Nzega)

Hapana. Kiwango cha kawaida cha kuingia uzamili ni GPA 2.7, kwa hiyo umepungukiwa kidogo. Njia inayotumika ni stashahada ya uzamili, ngazi iliyo kati ya shahada ya kwanza na uzamili, ya takriban mwaka mmoja. Ukiifanya vizuri, inakufungulia mlango. Kabla ya kujiunga, pata kwa maandishi kutoka chuo unachotaka kusoma uzamili kwamba wataipokea stashahada hiyo, na kwa ufaulu gani. Jibu la simu halitoshi.

Nafanya kazi benki na siwezi kuacha. Nikisoma huku nikifanya kazi, nitamaliza kweli? (Msomaji, Ipuli, Tabora)

Tupige hesabu. Uzamili nchini huwa na angalau krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: vipindi, kusoma, mazoezi, mitihani na tasnifu vyote humo. Jumla ni saa 1,800. Ukigawa kwa miezi 18, inakuja kama saa 23 kwa wiki. Ukigawa kwa miaka miwili, ni kama saa 17. Kwa mtu anayetoka benki saa kumi na moja jioni, hizo ni saa mbili kila usiku wa siku za kazi, kisha Jumamosi nzima. Inawezekana, lakini familia ijue mapema, na mwezi wa kufunga mahesabu ya mwaka usiupangie kazi nzito ya masomo.

Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, Tabora na Kigoma vikiwamo, na mfumo wake umejengwa kwa watu kama wewe. Nenda kituoni uulize programu za kompyuta zinazopokea wanafunzi mwaka huu, na mitihani inafanyikia wapi.

Ipo pia njia ya vyuo vya nje kwa mtandao. Inayojulikana zaidi ni ya Georgia Tech ya Marekani, iliyoanza mwaka 2014: masomo 10, na ada yote haifiki dola 10,000. Ni sayansi ya kompyuta halisi, yenye kazi za programu zinazokula wikiendi nzima, kwa hiyo anza na somo moja kwa muhula. Ila kwanza iandikie Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uulize kama shahada ya nje iliyosomwa kwa mtandao itatambuliwa kwa kazi unayoitaka. Mwajiri wako pia atauliza hilo hilo.

Nimemaliza masomo ya darasani, nimebaki na tasnifu. Nataka kutumia akili mnemba kutabiri ugonjwa kwa data za hospitali ya Kitete. Msimamizi amerudisha andiko langu la utafiti mara tatu. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa uzamili, Tabora)

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Data za wagonjwa zina milango mingi. Unahitaji barua ya chuo, kibali cha maadili ya utafiti, barua inayopitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha ridhaa ya hospitali yenyewe. Juu ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kila mlango una foleni yake. Mwanafunzi mwenye miezi sita ya utafiti anaweza kuimaliza yote akisubiri mihuri, halafu akaikuta data yenyewe iko kwenye madaftari ya mkono.

Tatizo la pili ni la kitaalamu, na pengine ndilo analoliona msimamizi. Tuseme umepata rekodi 1,000, na wenye ugonjwa ni 50. Modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa data, inayosema «hana» kwa kila mtu itapata usahihi wa asilimia 95, na haijamgundua mgonjwa hata mmoja. Ukiandika kwenye andiko kwamba utapima «usahihi» tu, mtahini makini atakurudisha. Andika kwamba utapima ni wagonjwa wangapi kati ya 50 waligunduliwa, na kati ya walioitwa wagonjwa, wangapi ni wagonjwa kweli. Pia ueleze utakavyotenganisha data ya kufunza na ya kupima. Mgonjwa aliyekuja mara nne asiwe pande zote mbili, la sivyo modeli inamkariri yeye badala ya kujifunza ugonjwa. Kosa hili huzaa matokeo mazuri mno, na matokeo mazuri mno ndiyo kitu cha kwanza kutiliwa shaka.

Ushauri wetu wa dhati: badili data, baki na mbinu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi kiko hapo hapo Tabora. Kigoma wana Kihinga kwa michikichi, na taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, kwa samaki na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Picha za majani ya mchikichi zinahitaji kibali pia, lakini jani halina siri ya mgonjwa. Ukipiga picha mwenyewe, rekodi tarehe, saa, shamba na simu iliyotumika. Picha za shamba moja zisigawanywe kati ya kufunza na kupima, maana modeli itajifunza rangi ya udongo wa shamba hilo na kuacha jani.

Anayependa lugha ana uwanja mpana zaidi. Kiswahili kina rekodi za sauti za wazi, kama za mradi wa Common Voice. Kiha kinadai kazi ngumu na yenye thamani: toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hubeba maana, na maandishi ya kawaida hayaionyeshi. Saa chache za sauti zilizonakiliwa kwa uangalifu, zenye wazungumzaji wa Kasulu, Kibondo na Ujiji, wake kwa waume, vijana kwa wazee, zinatosha kuwa mchango wa tasnifu hata kama modeli yenyewe itakuwa dhaifu.

Kuhusu andiko lililorudi mara tatu: usilipeleke la nne kwa barua pepe. Andika ukurasa mmoja wenye swali moja la utafiti, data itatoka wapi, nani ameikubalia, na utapima nini. Omba dakika 20 za msimamizi mkaujadili ukurasa huo. Mkikubaliana, ndipo uandike sura.

Nataka kusoma nje kwa ufadhili. Nianzie wapi nikiwa Kigoma? (Msomaji, Mwanga)

Tazama jirani kwanza. Carnegie Mellon ya Marekani ina kampasi Kigali, inayotoa uzamili wa teknolojia ya habari na wa uhandisi wa akili mnemba, na kutoka Kigoma Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hufungua maombi Agosti na kufunga mwanzoni mwa Oktoba. Unadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukihitimu unarudi nyumbani kwa miaka miwili. Ufadhili wa Ulaya wa Erasmus Mundus hukusomesha katika nchi mbili au zaidi, na dirisha la programu zake nyingi ni kati ya Oktoba na Januari.

Cheti cha Kiingereza cha IELTS au TOEFL hudumu miaka miwili tu, basi usifanye mtihani mapema mno. Panga na nauli ya kwenda mtihanini, mathalani Dar.

Kinachowaangusha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina «Mussa», cha kidato cha nne «Musa», na cha chuo kimeongeza jina la babu. Vitandaze vyeti vyote mezani pamoja na pasipoti na kitambulisho cha NIDA, ulinganishe herufi kwa herufi. Tofauti ndogo huweza kutatuliwa kwa kiapo unachoapa mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa hudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Fanya hivyo miezi sita kabla ya dirisha kufunguliwa, na pasipoti uiombe baada ya majina kunyooka.