Skripti ya ujana ikionekana, usiiguse kwanza

Kaunta buku nililoandikia skripti yangu ya kwanza ya filamu lilipotelea kwenye kuhamahama, likaja kuonekana kwenye sanduku la bati la mama, chini ya vitenge. Vijana wakiniuliza wafanye nini na maandishi yao ya zamani, huwa nawaambia wasome yote bila kalamu mkononi. Ukianza kusahihisha ukurasa wa pili, hutafika mwisho. Halafu ichape kwa mpangilio wa skripti, maana hapo ndipo ukurasa mmoja unakadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Unene wa daftari hauna maana yoyote.

Kazi kubwa ni wakati. Hadithi yangu ni ya 2001: binti wa Iringa anampa konda wa basi barua ampelekee mchumba wake Dar, Ubungo, na barua haifiki. Kila niliyemsomea aliuliza, “Si angempigia tu?” Ushauri wa wengi ni kuileta hadithi leo, kwa sababu ni rahisi. Mimi nakataa. Ukishaanza kuzima simu za wahusika kwa nguvu, mara chaji imeisha, mara hakuna mtandao, mtazamaji anakushtukia.

Sasa, kubaki 2001 kuna gharama. Mabasi ya mikoani yalihama Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021, na kuijenga upya stendi ya zamani kutakufilisi. Usiioneshe. Piga picha ndani ya basi: vidole vya konda vikiichomeka barua mfuko wa shati, nyuma ya kitabu cha tiketi. Stendi iachie kelele za wapiga debe dirishani. (Bajeti ndogo nayo ni mwongozaji, na hailipwi.)

Lingine ni haki. Daftari langu lina miandiko miwili, maana tuliandika wawili. Kwa sheria ya Tanzania ya 1999, hakimiliki hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, hata kama daftari lilikuwa limepotea. Kwa hiyo mtafute mwenzako, au warithi wake, mwandikishane kabla hujamwita mwigizaji yeyote. Wangu nilimkuta Morogoro anafuga kuku. Alitaka jina lake litangulie, nikakubali palepale. Kwenye mgawanyo wa fedha tulibishana mpaka magharibi, na ndipo tukasaini.